Samweli, Uria, Batsheba

Kompyuta ilikuwa imemtaja mtu, na hakuna shahidi ambaye polisi humpenda kama yule asiyeomba nauli.

Jina lilikuwa kwenye skrini ya ghala la dawa pale Kawangware, katika mstari wa kwanza kabisa mashine inapoamka na kujitambulisha: kerneli hii imejengwa na vincent. Mkuu wa kituo alisimama mbele ya maneno hayo, mikono nyuma, akitabasamu kama mtu aliyeletewa mbuzi. Kijana Vincent Khamala, fundi wa kompyuta, mpangaji wa Soweto West kule Kibera, akachukuliwa Jumapili kabla chai yake haijapoa. Leo ilikuwa Jumanne. Kesho asubuhi angesomewa shtaka la wizi wa mabavu, na shtaka hilo lina adhabu moja tu, nayo ni kitanzi.

Inspekta Mukai Kilonzo hakutabasamu. Mama huyu wa Kitui alikuwa na ila iliyomchelewesha vyeo miaka yote: kesi ikiwa rahisi mno, tumbo linamuuma.

"Wanzala," alimwita konstebo wake, "wewe ukiwa mlinzi, usikie mlango unavunjwa, unafanya nini?"

"Natoroka, afande."

"Na kama wewe si Wanzala?"

Konstebo alicheka kidogo, akafikiri. "Napiga nduru. Napuliza firimbi."

"Firimbi alikuwa nayo shingoni. Hakuipuliza."

"Ilikuwa mvua, afande. Hayo mabati yakipigwa na mvua, hata tarumbeta ya malaika haisikiki."

Hilo lilikuwa kweli. Masika ya mwaka huo wa tisini na tisa yalikuwa yamefungua mbingu bila huruma. Wezi walivunja mlango wa nyuma Jumamosi usiku, wakabeba maboksi ya dawa, wakamwacha mlinzi, Mzee Naftaly, ameanguka juu ya meza, kichwa kimepasuliwa kwa nondo. Mlango ule ulikuwa na waya unaosikilizwa na kompyuta. Ukifunguka, kompyuta inapiga king'ora kinachosikika mpaka Riruta. Usiku ule king'ora hakikutoa hata mguno.

Mukai aliinamia tena picha za maiti. Kompyuta yenyewe ilifungiwa pamoja na betri yake ndani ya kizimba cha vyuma, kazi ya mafundi wa jua kali, ili mwizi asiweze kuizima. Nje ya kizimba kulibaki skrini na kibodi tu. Mzee Naftaly alikufa akiwa amelalia kibodi hiyo. Kidole gumba cha mkono wa kushoto kilikuwa kwenye kitufe cha Alt. Mkono wa kulia ulikuwa umekunjwa vibaya, kidole kimoja kule pembeni juu, kingine kimenyooka kuelekea herufi B.

"Huyu hakuanguka tu hapa," Mukai alisema. "Huyu alikuwa kazini."

"Mlinzi na kompyuta wapi na wapi, afande?"

"Ndiyo nikaulize. Wewe baki hapa ghalani."

* * *

Vincent aliletwa kutoka seli akiwa hana viatu wala mshipi. Jicho moja lilikuwa limevimba, na Mukai hakuuliza lilivimba vipi, maana alilijua jibu na lilimtia haya.

"Madam, mimi sikuua mtu."

"Sijakuuliza hilo. Nimekuja kuuliza kerneli ni nini. Nieleze kama unamweleza mama yako."

"Mama yangu anauza samaki wa omena Kisumu Ndogo."

"Na akielewa yeye, nitaelewa mimi. Anza."

"Ni ile programu ya chini kabisa. Hiyo ndiyo inaongea na vyuma. Kibodi, diski, waya za mlango, zote zinapitia kwake. Sasa hii tunayotumia haiji ikiwa tayari, unajijengea mwenyewe. Kabla ya kujenga, mashine inakuuliza maswali. Mengi, madam, mpaka unachoka. Unataka hii? Ndiyo ama Hapana. Unataka ile? Ndiyo ama Hapana. Chochote ulichosema Hapana, kerneli yako inazaliwa bila hicho. Kama mtoto bila sikio."

"Kwa hivyo mtu akisema Hapana kwa waya za mlango..."

"King'ora hakitalia. Na mashine haitalalamika. Itakaa hapo inang'aa tu kama iko sawa."

Mukai alisogeza kiti karibu. "Endelea."

"Mwisho kabisa kuna maswali ya kusaka hitilafu. Ni ya mafundi, ya kujua mashine imekwama wapi. Watu wengi wanafika hapo wamechoka, wanasema Hapana. Hata chuoni Mwalimu alikuwa anatuambia turuke. Mimi nasema Ndiyo. Kila mara."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya stima ya Kawangware!" Kijana alicheka, kisha akakumbuka alipo. "Inaenda, inarudi, mashine inaganda. Iko ndani ya kizimba, huwezi kuizima, na ile njia ya kawaida ya kuiwasha upya niliifunga ili watu wasiichezee. Sasa ukisema Ndiyo kwa swali lile la mwisho, kerneli inakuwekea mlango wa dharura. Unashika Alt, unashika SysRq, kile kitufe cha juu pembeni ambacho hakuna mtu anajua kazi yake, halafu unabonyeza S, U, B. S inahifadhi kazi. U inafunga diski zisiharibike. B inawasha mashine upya. Hata kama imekufa ganzi, hapo itakusikia."

"Na Mzee Naftaly?"

"Nilimfundisha. Nisingeweza kutoka Kibera kila stima ikipotea." Vincent alitazama sakafu. "Na kuna kitu kingine. Mashine ikiamka, king'ora hulia kwanza mpaka programu yangu iamke ikinyamazishe. Ilikuwa kasoro yangu, nilitaka kuirekebisha. Mzee akanikataza. Akasema, 'Acha hivyo hivyo, kijana. Iko siku itanifaa.'"

Mukai aliitoa picha kwenye bahasha, akaiweka mezani na kufunika kichwa cha marehemu kwa kiganja chake ili mikono peke yake ionekane.

Vincent aliitazama. Mara akalia kwa sauti, kilio cha mtu mzima kinachoumiza wanaokisikia.

"Alikuwa anaita! Madam, alikuwa anaita! Si alikuwa anajua ikiamka italia? Mbona haikumwitika? Mbona?"

Mukai alikwenda kwenye simu ya ofisi, akampigia Wanzala aliyebaki ghalani, akamsomea vitufe kimoja kimoja. Alisubiri. Sauti ya konstebo ilirudi ikikwaruza.

"Hakuna kitu, afande. Nimerudia mpaka vidole vinauma. Imenyamaza kama jiwe."

Aliporudi, Vincent alisoma jibu usoni mwake. "Hiyo kerneli si yangu," alisema.

"Ina jina lako."

"Anayeingia kwa jina langu akajenga, itaandika jina langu. Na huyo mtu alianza na majibu yangu ya zamani, kwa sababu Jumapili waliponisimamisha mbele yake niliona kila kitu kingine kinafanya kazi, hata ile kadi ya mtandao iliyonitoa jasho. Ukianza na majibu yangu, swali la mwisho linakuja tayari limejibiwa Ndiyo. Hawezi kulikosea kwa uchovu. Lazima alibadilishe kwa mkono wake."

"Ama ulilibadilisha wewe," Mukai alisema polepole, "ili mzee asiite."

Huo ndio uliokuwa ubaya wa jambo lenyewe. Mkuu wa kituo angesema hivyo hivyo kesho asubuhi, na hakimu angeitikia kwa kichwa.

"Nani anajua neno lako la siri?"

"Mwalimu Geoffrey. Yeye ndiye alinifungulia hilo jina nikiwa mwanafunzi. Lakini Mwalimu si mtu wa hivyo, madam! Ndiye alinitafutia hii kazi. Ubaya wake ni mmoja tu, hawezi kuvumilia kukuona ukikosea. Anakunyang'anya kibodi kabla hujamaliza."

"Alijua mzee anavijua hivyo vitufe?"

"Sidhani. Tulijua mimi na mzee."

* * *

Geoffrey Nzomo alikuwa na chuo cha kompyuta kwenye orofa ya jengo lililopakana na ghala, na mwenye ghala alimlipa aiangalie mashine. Maelezo yake ya Jumapili Mukai aliyakumbuka vizuri, maana yalisemwa kwa huzuni safi iliyopigwa pasi: marehemu alikuwa mzee mwema wa kanisa, hakujua hata kutafuta stesheni kwenye redio, na kibodi hakuwahi kuigusa. Kuhusu kerneli, yeye Geoffrey alikuwa mwalimu tu wa kupiga chapa na mahesabu. Hayo mengine aliwaachia vijana.

Binti wa marehemu aliuza maji Mashimoni, kule Kibera. Mukai na Wanzala walimkuta Nekoye kwenye kioski chake, mpira wa maji mkononi, foleni ya mitungi imepinda mpaka kwenye kona. Alikuwa amejifunga leso nyeusi kichwani na kufunga kazi hakuweza, kwani mitungi haijui msiba.

"Mmekuja kuniambia mnamwachilia?" alisema kabla hawajasalimia. "Huyo Vincent nataka anyongwe. Baba alimpenda kama mtoto wake. Alikuwa anamwekea chakula!"

"Pole, mama. Hatujamwachilia."

"Mnafiki yule! Ijumaa kutwa nzima alikuwa hapa hapa Mashimoni kwa matanga ya mjomba wake, anabeba viti, anapika chai, anajifanya mtu wa watu. Kumbe moyoni anapanga kuniulia baba."

Wanzala alimtupia Mukai jicho. Mukai alijifanya hakuliona.

"Kutwa nzima kweli?"

"Toka asubuhi mpaka tumeimba usiku. Mimi mwenyewe nilimpa maji." Nekoye alihamisha mpira kwenye mtungi mwingine. "Kwani kuna nini?"

"Baba yako alikuwa anaongea juu ya ile kompyuta?"

"Baba? Aongee nini." Kisha mkono wake ukalegea, maji yakamwagika miguuni mwa mteja, mteja akaruka. "Ngoja. Alikuwa na kitu anasema peke yake akikoroga chai. Samweli, Uria, Batsheba. Samweli, Uria, Batsheba. Nikamuuliza, baba, ndiyo mafundisho ya kanisa siku hizi, mambo ya Daudi na wake za watu? Akacheka. Akasema ni kazi, anakariri kazi."

Samweli, Uria, Batsheba. S, U, B.

"Hayo maneno alifundishwa na Vincent?"

"Ah! Vincent anajua Biblia wapi? Ni yake baba mwenyewe."

"Nani mwingine alimsikia akiyasema?"

Nekoye alifikiri. "Yule mwalimu wa juu. Juzi juzi nilipeleka chakula, stima ilikuwa imetoka kurudi na hiyo mashine imeganda. Mwalimu amekuja, hajafika kwa meza, baba akamwambia, 'Tulia, nikuonyeshe maajabu.' Akabonyeza akisema hayo majina, king'ora kikalia mpaka nikaziba masikio. Mwalimu akacheka sana. Akamwambia, 'Mzee, rudia.' Baba akarudia, amefurahi kama mtoto. Mwalimu akawa anamwangalia tu vidole."

Foleni ilianza kunung'unika. Mukai alimshika Nekoye mkono, ule uliolowa.

"Jioni njoo Kawangware uchukue koti la mzee," alimwambia. "Usizungumze na mtu njiani."

* * *

Mkabala na ghala, Wamuyu alikaanga mandazi chini ya turubai, ubavuni mwa kinu cha posho. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi na masikio mengi zaidi.

"King'ora hicho tumekizoea," alisema akigeuza mandazi. "Stima ikipotea, betri inaisha, stima ikirudi mashine inaamka, inapiga kelele. Sisi tunasema, haya, jogoo wa Mzee Naftaly amewika."

"Mara ya mwisho aliwika lini?"

"Ijumaa mchana. Nakumbuka kwa sababu nilishangaa."

"Ulishangaa nini?"

"Stima haikuwa imepotea! Kinu kilikuwa kinasaga tangu asubuhi bila kupumzika. Mimi nilikuwa na unga mpaka kwa nyusi, uliza mtu yeyote. Nikajiambia, jogoo amewika saa mbaya, hii ni balaa." Akapunguza sauti. "Na balaa ikaja."

Mukai alinunua mandazi ambayo hakuyala. Mambo yalikuwa yamejipanga yenyewe. Ijumaa mchana mtu aliiwasha mashine upya, na stima ilikuwepo. Haiwashwi upya bure. Inawashwa upya ili kerneli mpya iingie mahali pa ile ya zamani. Saa hizo Vincent alikuwa Mashimoni akibeba viti vya matanga, na shahidi wake ni binti wa marehemu anayetaka anyongwe.

"Tumemaliza, afande!" Wanzala alisema. "Twende kwa bosi."

"Twende na nini? Na mama wa mandazi na unga kwa nyusi? Bosi atasema Vincent alimtuma mtu. Geoffrey atasema binti amechanganyikiwa na msiba. Kesho saa tatu kijana atakuwa kizimbani." Mukai alifuta vidole. "Nataka mkono wa Geoffrey uniambie kile ambacho mdomo wake unaficha."

Alimwambia mpango. Wanzala alisikiliza mpaka mwisho, kisha akavua kofia akajipepea ingawa kulikuwa na baridi.

"Afande, kugusa mashine ya ushahidi, na asipobonyeza, si watakupeleka kuchunga trafiki Lodwar?"

"Lodwar kuna jua. Nenda ukalete mchomeleaji."

Geoffrey aliitwa kituoni kuweka sahihi kwenye maelezo yake, na pale kituoni kila mtu aliambiwa atafute kalamu polepole. Wakati huo fundi wa jua kali alikuwa akikata kizimba kwa nyuma. Vincent aliletwa kwa Landrova, akashushwa na pingu zake. Diski yake, ile iliyokamatwa nyumbani kwake Soweto West, ilitolewa kwenye bahasha ya polisi. Walichomoa waya wa king'ora, kijana akapiga magoti mbele ya mashine, pingu zikigonga vyuma kila alipogeuza mkono, akaiwasha kwa kerneli yake ya zamani. Ilipotulia, waya ulirudishwa. Skrini ilikuwa ile ile, na mtu asiyejua asingeona tofauti yoyote.

"Itamsikia?" Mukai aliuliza.

"Hii itamsikia yeyote, madam," Vincent alijibu, akarudishwa kwenye Landrova.

* * *

Geoffrey Nzomo, aliyerudi kutoka kituoni na kuombwa apitie ghalani, aliingia akikung'uta mwavuli. Alikuwa mtu mrefu, shati jeupe, kalamu za rangi zimejipanga mfukoni. Wanzala alisimama karibu na rafu akisoma vibandiko vya maboksi. Mukai alikuwa ameketi mbele ya kibodi, miwani puani, amekunja uso.

"Inspekta bado uko kazini! Sisi watu wa Ukambani tutauawa na kazi." Alicheka vizuri. "Nimesikia kesho ni kortini."

"Kesho. Lakini huyo kijana ananisumbua, Mwalimu. Anasema eti kuna vitufe vya dharura, eti marehemu alivijua. Nataka niandike kwamba nimejaribu na ni uongo mtupu, wakili asije akanichezea. Wewe unavijua?"

"Mimi? Hapana. Hizo ni hadithi za vijana." Geoffrey aliegemea ukuta, ametulia. "Na mzee yule, Mungu amlaze pema, hakuwahi kugusa kibodi."

"Basi simama hapa uwe shahidi wangu. Ameniambia ni Alt." Mukai alibonyeza Alt akaiachia. "Halafu... hiki." Akabonyeza kitufe kingine kabisa. "Halafu U."

Hakuna kilichotokea.

"Ama ni B kwanza?" Alibonyeza B kwa kidole kimoja, kizito, kama mtu anayejaribu kama viazi vimeiva. "Uongo, si unaona? Ngoja nirudie. Alt, naachia, U..."

Geoffrey alisogea hatua. Mukai alimwona kwenye kioo cha skrini, mkono umetoka mfukoni.

"Huwezi kuachia Alt," alisema.

"Ati?"

"Nasema, kwa kawaida... vitufe vya namna hiyo hushikwa pamoja. Ndiyo kanuni."

"Aa! Pamoja." Mukai alishika Alt kwa mkono wa kulia, akajipinda kutafuta kitufe cha pili kwa mkono wa kushoto, viwiko vikagongana. Alibonyeza Caps Lock. Taa ikawaka. Aliiangalia kwa furaha. "Imewaka!"

"Hiyo ni Caps Lock, mama!"

"Sasa U, B..."

"La, la, la!" Na kibodi ilikuwa imeshatoka mikononi mwa Mukai. Geoffrey aliivuta kwake kama alivyowavuta wanafunzi wake wote, bila kufikiri, akainama. "Unaandika ripoti ya polisi kwa kubahatisha? Nitakuonyesha ujionee mwenyewe kwamba havifanyi kazi, uandike, twende nyumbani. Ni hivi."

Gumba la kushoto lilikaa kwenye Alt. Kidole cha kulia kikapanda pembeni juu bila kutafuta. Na midomo yake, kama midomo ya mtu yeyote anayefuata alichokariri, ilicheza pamoja na vidole.

"Samweli," alinong'ona. "Uria." Akatabasamu, mtu aliye na uhakika na jibu. "Batsheba. Umeona? Hakuna..."

King'ora kililia.

Kililia juu ya vichwa vyao mpaka vumbi likaanguka kutoka kwenye mabati. Geoffrey aliruka nyuma, akapiga rafu kwa mgongo, maboksi yakamwagika. Aliitazama kibodi, akatazama kizimba. Mashine iliendelea kupandisha mistari yake ya kuamka. Nje, Wamuyu alikuwa ameacha karai, watu wakitoka vibandani mikono imefunika masikio. Ndani ya Landrova Vincent aliinamisha uso kwenye pingu.

Programu iliamka, king'ora kikakatika.

"Haiwezekani," Geoffrey alisema. "Hicho nilikisemea Ha..."

Aliuma neno, lakini lilikuwa limeshatoka.

"Malizia," Mukai alisema akivua miwani. "Ulikisemea Hapana. Na Samweli ulimtoa wapi, Mwalimu? Vincent hamjui. Mzee alimbuni mwenyewe, na wewe ulisema hakuwahi kugusa kibodi. Wanzala, umesikia?"

"Nimesikia yote, afande." Pingu zilikuwa tayari mkononi mwake.

Geoffrey hakupigana. Alinywea, shati likaonekana kubwa. Alimwangalia Mukai kwa macho ya mtu anayeogopa kitu kingine kabisa, kitu kisichokuwa chumbani.

"Inspekta," alisema chini chini, "hujui waliobeba hizo dawa ni akina nani. Ukinifunga mimi, utakuwa umewaamsha."

"Si nimewaamsha tayari?"

Mtu alisimama mlangoni. Ni Nekoye, leso nyeusi imelowa mvua. Alikuwa amefika kuchukua koti, na king'ora kilikuwa kimemkuta akivuka mtaro. Alimwangalia Wanzala, akaangalia pingu alizokuwa akimfunga Geoffrey. Akaangalia kibodi mezani. Mukai aliona namna alivyolielewa jambo lote, polepole, kuanzia miguuni kwenda juu.

"Ni hicho king'ora ndicho baba alikuwa anakiita?"

"Ni hicho," Mukai alimjibu.

Nekoye alipita katikati yao. Hakumpiga Geoffrey, hakumtemea mate. Aliichukua kibodi kwa mikono miwili, akamwekea mbele, juu ya pingu zake.

"Mwalimu," alisema. "Rudia."